Ushuru wa korosho ubaki Kusini au uendelee kwenda Hazina?

Mkulima wa Tandahimba

Wakuu, habari za jioni.

Msimu uliopita AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, ilikodi Fuso kusomba korosho kutoka ghala la kijiji kwenda ghala kuu. Ni kilomita chache tu, ila njia yenyewe ni mchanga mtupu, huu mchanga wetu wa huku juu ambao kiangazi unasumbua kama masika. Fuso likazama mpaka ekseli. Tandiboi akakata matawi ya mikorosho akayalaza chini ya matairi, dereva akakanyaga mafuta, likazidi kuzama. Mwishowe tukashusha magunia yote, moja moja, gari likatoka, tukapakia upya. Siku nzima imekwisha hivyo. Na gharama ya usafiri, kama mnavyojua, inakaa kwenye makato ya mkulima.

Gunia la kilo 80 likiwa begani nikawa napiga hesabu. Korosho hii ikifika bandari ya Mtwara, kabla haijapanda meli, inalipiwa ushuru wa kusafirisha korosho ghafi: asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, inayozidi ndiyo inayolipwa. Hadi mwaka 2018 sheria ilitaka asilimia 65 ya ushuru huo irudi kwenye mfuko wa zao lenyewe, kwa maana ya pembejeo, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele na kadhalika. Bunge la bajeti la Juni 2018 likafuta mgawo huo, pesa yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipiga kelele mpaka wakachoka. Mwaka 2022 sehemu yake ikarudishwa kwenye kilimo, lakini nayo haiji moja kwa moja halmashauri.

Sidai turudi kwenye mfuko ule ule. Ule nao ulikuwa na mambo yake, nani asiyejua. Ninachosema ni kwamba itungwe sheria, sehemu ya ushuru huo, tuseme theluthi, iende moja kwa moja kwenye halmashauri zinazolima korosho, tena ifungwe kwa kazi tatu: barabara za vijijini, maji, na nyumba za walimu na wauguzi. Isinunue hata tairi la gari la mkurugenzi.

Hilo la nyumba wengi hulipuuza. Mwaka 2021 pesa za UVIKO zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Shule yetu ya kata nayo ilipata, yana vigae na madirisha ya alumini, safi kabisa. Akaletwa mwalimu wa fizikia, kijana mchapakazi. Akapanga chumba kwenye nyumba ya udongo, maji ananunua kwa dumu, popo darini. Kabla mwaka haujaisha kaomba uhamisho. Sasa tuna darasa la vigae na wanafunzi wanasoma fizikia kwa kunakiliana madaftari.

Karibuni, nipingeni kwa hoja.

Bwana Hesabu

Mkuu, Fuso lako limenigusa. Hoja haijanigusa.

Kabla ya mwaka 2003 mtu wa Kusini akienda Dar alivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukifura mabasi yanapanga foleni na watu wanalala porini. Daraja la Mkapa ndilo lililomaliza ile adha. Je, lilijengwa kwa korosho? Gati jipya la Mtwara lililogharimu shilingi bilioni 157, korosho? Hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo? Barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na utalipwa na Watanzania wote, akiwemo muuza mitumba wa Tandika asiyeujua mkorosho unafananaje.

Ukianza mchezo wa kila mtu na chake, Geita watasema dhahabu yao. Na Dar wakiamua kodi yao ibaki Dar, hiyo Kusini itakula nini?

Mha wa Kasulu

Namuunga mkono Bwana Hesabu. Sisi Kigoma tumekaa na umeme wa majenereta miaka nenda rudi, lami ya kutufikisha Nyakanazi tumeisubiri mpaka watoto wameota ndevu. Hatuna korosho, hatuna gesi. Cha kwenu kikibaki kwenu, sisi tutabaki na mawese na dagaa.

Mkulima wa Tandahimba

Kaka wa Kasulu, nimesema theluthi. Theluthi mbili zinabaki huko huko serikali kuu, na wewe umo.

Na wala hili si jambo geni nchini. Kilwa wanapokea ushuru wa huduma kutokana na gesi ya Songo Songo. Nchi imevunjika? Kilichotaka kuivunja ni kinyume chake. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani wakisema gesi haitoki kwa sababu waliona bomba linapita mlangoni kuelekea Dar na hakuna aliyekaa nao akawaambia wao watapata nini. Siitetei fujo ile, nyumba za watu zilichomwa. Ila tusijifanye haikuwa na chanzo.

Mama wa Kitangari

Wanangu, mmeanza na barabara kwa sababu mnaojadili ni wanaume.

Mimi niko bondeni, maji kwangu si tatizo. Tatizo liko kwa wenzetu wa juu, uwandani. Mchanga ule unameza mvua yote, kisima cha kuchimba hakuna, maji yanasukumwa kwa mashine kutoka mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde ulianza wakati wa Mwingereza, miaka ya 1950, na mpaka leo mashine ikizima, juu wanarudi kwenye madumu. Mkitaka kumjua mwenye uwezo huko msitazame pikipiki, tazameni kama ana kisima cha kuvunia mvua. Bati juu, mfereji pembeni, shimo limesakafiwa kwa saruji, mfuniko una kufuli. Kufuli, jamani. Vile visima vimejengwa kwa korosho, mwenye nyumba mwenyewe, gunia baada ya gunia. Asiye na mikorosho mingi anaamka saa kumi alfajiri akapange foleni, au ananunua kwa huyo mwenye kufuli.

Sasa upo mradi mkubwa wa miji 28 kwa mkopo wa India, na Makonde imo. Sawa. Lakini bomba kubwa likishafika mjini, kulitoa hapo kulipeleka kitongojini ni kazi ya nani? Ndiyo pesa ndogo ndogo anazozisema huyu wa Tandahimba. Namuunga mkono, isipokuwa aanze na maji. Fuso litasubiri.

Dereva wa Kusini

Mama shikamoo. Ila na mimi nina langu.

Mei 2024, kimbunga Hidaya, mvua ilikata barabara eneo la Somanga. Tulikuwa na abiria 50 na kidogo, watoto wamo, mgonjwa mmoja anapelekwa Muhimbili. Mbele maji, nyuma foleni ya malori. Mkate mmoja ulikuwa unauzwa bei ya sahani ya wali. Waliokuwa Mtwara wakitaka Dar ikabidi wazungukie Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, ni kama kutoka sebuleni kwenda jikoni kwa kupitia kwa jirani. Sasa niambieni, ni halmashauri gani yenye theluthi ya ushuru itajenga madaraja yale? Njia ya kijiji hata uitie lami ya dhahabu, barabara kuu ikikatika umefika wapi?

Mkulima wa Tandahimba

Dereva, pole kwa yale. Lakini korosho haipiti Somanga siku hizi. Tangu msimu wa 2023 serikali iliagiza korosho ya Kusini isafirishwe kwa bandari ya Mtwara, na ni uamuzi mzuri, makuli na madereva wamepata kazi. Madaraja makuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, yabaki huko. Mimi nazungumzia barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambazo mgawo wake wa Mfuko wa Barabara ni asilimia 30, ile 70 ni ya TANROADS. Hata baada ya kuongezewa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta mwaka 2021, greda huku kwetu ni kama mwezi wa Ramadhani, linakuja mara moja kwa mwaka na halikai.

Mzee wa Ghala

Nimekaa kwenye biashara hii tangu kabla ya stakabadhi ghalani ya 2007, huu mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuiuza kwa mnada, enzi kangomba, yule mlanguzi, anakuja na bakuli lake mlangoni kwako. Wote mnagawana ushuru bila kuuliza uliwekwa kwa ajili gani.

Uliwekwa juu ya korosho ghafi ili iwe ghali kuitoa nje ikiwa na maganda, ibanguliwe hapa. Tulikuwa na viwanda, vilijengwa tangu miaka ya 1970 kwa mikopo. Vingi vikabinafsishwa vikageuka maghala, na katika hayo maghala nimefanya kazi mimi mwenyewe, nimelala juu ya magunia ya korosho ghafi chini ya mashine za kubangulia zilizofunikwa turubai. Msimu wa 2024/25 tumevuna zaidi ya tani laki tano. Sehemu kubwa imeondoka na maganda yake.

Sasa wewe kijana unataka kumpa mkurugenzi theluthi ya ushuru wa korosho ghafi. Umeshafikiri mkurugenzi huyo atamtazamaje mtu anayekuja kuomba kiwanja cha kiwanda? Kila tani itakayobanguliwa Newala ni tani iliyomkimbia kwenye bajeti. Utakuwa umeweka halmashauri nzima kuombea viwanda vife.

Na lingine. Mnunuzi halipi ushuru ule kutoka mfukoni kwake. Siku ya mnada anaweka bei yake akiwa ameshautoa. Anayelipa ni wewe uliyebeba gunia.

Mkulima wa Tandahimba

Mzee, hapo umenibana. La mkurugenzi kuombea viwanda vife sikulifikiria.

Labda mgawo usihesabiwe kwa tani zilizotoka ghafi, uhesabiwe kwa tani zilizopita mnadani, ziwe zimebanguliwa au la. Lakini naona hapo pesa itatoka kwenye ushuru mmoja na hesabu kwenye kitu kingine, na Hazina watasema hawaelewi. Nitalala nalo.

Mwana wa Kwale

Hamjambo majirani. Huku Kenya sheria mnayoitaka tunayo, niwape habari zake.

Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha wa madini ugawanywe: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii ya eneo 10. Kwale tulikuwa na mgodi wa titani, ulianza 2013 ukafunga uchimbaji Desemba 2024. Ile kumi ya jamii tuliisikia redioni kwa miaka mingi kuliko tulivyoiona. Kila mwaka swali likawa jamii ni nani, nani atatia sahihi, akaunti ifunguliwe wapi. Mgodi umekuja, umechimba, umeondoka, na swali bado lipo mezani. Mkiandika sheria yenu, andikeni na tarehe ya malipo, na akaunti ni ya nani. Asilimia ni rahisi kuandika.

Bwana Hesabu

Asante Mwana wa Kwale, umeniongezea risasi.

Mkulima, nijibu hili moja tu. Kila msimu korosho ikiuzwa, halmashauri yako inachukua ushuru wa mazao, asilimia 3 ya bei. Ilikuwa 5, ikashushwa 2017. Kwa bei za minada ya karibuni hiyo asilimia 3 kwa wilaya kama Tandahimba ni mabilioni. Na halmashauri zimeagizwa kutenga sehemu maalumu ya mapato yao ya ndani kwa maendeleo, kulingana na ukubwa wa mapato. Kwa hiyo pesa ya korosho inayobaki Kusini ipo tayari. Imejenga nyumba ngapi za walimu kwenye kata yako?

Mkulima wa Tandahimba

Nyumba moja, ya pande mbili. Imefika kwenye lenta.

Bwana Hesabu

Tangu lini?

Mkulima wa Tandahimba

Wananchi tulifyatua matofali mwaka juzi. Tuliambiwa halmashauri italeta bati na mbao.

Mama wa Kitangari

Bwana Hesabu, usimsute mtoto wa watu kana kwamba yeye ndiye diwani. Ukiona chungu hakijajaa, huwezi kusema kwa hiyo maji hayahitajiki.

Bwana Hesabu

Mama, simsuti, na nakuheshimu. Nasema kabla hujaongeza maji kwenye chungu, kipindue kwanza utazame kitako. Mkulima, mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Umewahi kwenda kuyasoma?

Mkulima wa Tandahimba

Sikuwahi. Nimekwenda leo asubuhi kwa ajili yako, ofisi ya kata na ya kijiji.

Ya kata, ubao una tangazo la chanjo ya kuku na picha ya mgombea wa uchaguzi uliopita. Ya kijiji karatasi ipo. Imebandikwa nje, chini ya bati linalovuja, na upande wa matumizi wino umetiririka hausomeki. Upande wa mapato unasomeka vizuri.

Mtendaji ameniambia nakala iko kwenye kompyuta, nirudi Jumatatu, leo umeme hakuna.

Mzee wa Ghala

Ukienda Jumatatu nipitie. Nina swali na mimi kuhusu zile bati.