Udongo wa mfinyanzi laini: veni site inasema 26, maabara inasema 14, nifuate ipi?

TutaJuuYaTope
Wakuu habari za humu. Nina kazi ya tuta la barabara la mita 3 juu ya mfinyanzi laini, maji yako karibu kabisa na uso wa ardhi. Tumepima na veni (kifaa cha mapanga kinachozungushwa ndani ya udongo kupima nguvu ya mkato, yaani nguvu ya udongo kukataa kukatika) hukohuko ardhini, mapanga manne ya upana wa milimita 65 na urefu 130, kuanzia mita 2 mpaka 6 inacheza kilopaskali 24 hadi 28 ila pale mita 4.5 ikaruka ghafla 41. Sampuli za bomba zikaenda maabara zikabanwa bila shinikizo la pembeni, imetoka 14. SPT nayo tulipiga (kipimo cha kupigilia bomba ardhini kwa nyundo), N, yaani idadi ya mapigo, ni 1 au 2, kuna sehemu fimbo zimezama zenyewe kwa uzito wake. Plastisiti indeksi (upana wa kiasi cha maji ambacho udongo unabaki wa kufinyangika) ni 60. Bosi anasema tuchukue wastani wa zote yaishe, mimi roho inakataa. Mnashaurije?

Mpima_Ardhi
Mkuu usikubali huo wastani, hivyo vipimo vitatu havipimi kitu kimoja. SPT weka pembeni kabisa, nyundo ya kilo 63.5 ikidondoka sentimita 76 kwenye udongo kama huo inakuambia tu ni laini, basi, nguvu yake huwezi kuitoa hapo. Maabara nao waulize, hiyo 14 ni nguvu ya mkato au ya kubanwa? maana mkato ni nusu ya ile ya kubanwa na ripoti nyingi hazisemi wazi. Kama ni mkato tayari basi sampuli imevurugika, bomba linasukumwa, linasafirishwa, udongo unatolewa unalegea, mfinyanzi laini hauvumilii hayo.

fimbo_na_veni
Naongezea. Hakikisheni mlizungusha polepole, digrii 6 hadi 12 kwa dakika, ukiharakisha namba inapanda. Na veni ishuke chini ya kitako cha shimo angalau mara tano ya kipenyo cha shimo maana hapo juu udongo umeshachokonolewa. Msuguano wa fimbo mliutoa?? Hiyo 41 mimi nisingeiamini, mara nyingi ni makombe (maganda ya viumbe wa majini), mizizi au tabaka la mchanga, angalia udongo uliotoka kina hicho kabla hujaitupa. Uzuri wa veni ya 65 kwa 130 ni kwamba nyutoni-mita 1 ya kuzungusha ni karibu kabisa na kilopaskali 1, kwa hiyo ripoti unaikagua hapohapo site.

TutaJuuYaTope
Asanteni sana. Msuguano tulitoa, na kwenye udongo wa mita 4.5 kweli kuna makombe. 14 ni mkato tayari nimewauliza. Kwa hiyo nitumie 26?

Mpima_Ardhi
Hapana, hapo ndo watu wengi wanaumia. Mtaalamu wa udongo Bjerrum wa Norway mwaka 1972 alirudia hesabu za matuta yaliyobomoka akaona namba ya veni ni kubwa mno kwa mfinyanzi wenye plastisiti ya juu, kwa sababu veni inakata udongo ndani ya dakika chache wakati tuta linaukandamiza kwa siku na wiki. Kwa indeksi 60 punguza, zidisha kwa kama 0.75, unabaki na 19 hivi. Hesabu ya haraka: mzigo ambao mfinyanzi unaweza kubeba ni 5.14 mara nguvu ya mkato, 5.14 mara 19 ni karibu kilopaskali 98, tuta la mita 3 linakandamiza kama 60, gawanya unapata usalama 1.6. Ungetumia 26 ungeona 2.2 ukalala usingizi, na kwa 14 ungepata 1.2 ukaanza kung'oa udongo wote bure.

fimbo_na_veni
Na baada ya kuzungusha raundi 10 za haraka mlipima tena?

TutaJuuYaTope
Ndiyo, ikashuka mpaka 6.

fimbo_na_veni
Basi ukivurugwa unapoteza zaidi ya robo tatu ya nguvu. Zuia magari mazito yasipite juu ya udongo mtupu, mwaga tabaka la kwanza ukianzia pembeni na usogee mbele juu ya kile ulichomwaga, mashine zikanyage tuta tu.