MREJESHO: Zile picha za Wahadzabe za mwaka 1998

Wakuu, niliwauliza kuhusu picha za Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, nilizopiga kando ya Ziwa Eyasi: zimefifia na kugeuka nyekundu, nifanye nini, na je, nizirushe mtandaoni?

Rangi imerekebishika. Mlionishauri niskani negativu badala ya picha zilizosafishwa, asanteni sana, kwani nilizihifadhi gizani na bado zilikuwa nzima.

Hilo la kurusha ndilo lililonikosesha usingizi. Nyuma ya kila picha nilikuwa nimeandika "mwindaji", "mama na mtoto", "wachimba mizizi". Hakuna jina hata moja! Basi nikachapisha nakala, nikazipeleka kijijini Yaeda Chini, wanakoishi Wahadzabe.

Bibi mmoja alishika picha karibu kabisa na macho, akapitisha kidole gumba kwenye upinde. Akamtambua kaka yake kwa jinsi alivyosimama, mguu mmoja umeegemea goti la mwingine. Kaka alishafariki, na hawakuwa na picha yake nyingine. Akanitajia jina, akanisubiri niliandike, akanitaka nilisome kwa sauti. Kihadzabe kina sauti za kualisha ulimi, na herufi zetu hazina mlio huo, nikarudia mara tatu.

Wazee walitazama zaidi mibuyu na mabonde yaliyo nyuma ya watu, wakibishana hapa palikuwa wapi. Ardhi wanaijali mno; hati za kimila za kumiliki ardhi yao walizipata mwaka 2011.

Mtandaoni sirushi. Nakala nimewaachia wenyewe, na sasa kila picha ina jina.