Donati za polisi: gumzo la ukoo wa Bi Mkubwa

Nuru (Quincy, Massachusetts, Marekani): Shikamooni wakubwa. Nina swali, nusu la jikoni nusu la adabu. Jumatano saa 4 asubuhi kuna Kahawa na Polisi mtaani kwetu, askari wanakaa na wakazi wanapiga soga. Kamati ya jengo imenipa kazi ya vitafunwa. Nikipeleka donati 30 za nyumbani, nitaonekana nawadhihaki?

Shangazi Zuhura (Tanga): Marahaba mwanangu. Donati ina tusi gani tena?

Idrisa (Mombasa): Shangazi, huko Marekani askari na donati ni paka na samaki. Akichorwa kwenye kibonzo lazima awe na kitambi, kikombe cha kahawa na donati. Huku kwetu ukitaja polisi watu wanawaza chai. Na si ya iliki 😂

Bi Mkubwa: Idrisa, kikundi hiki kina watu wa serikali.

Idrisa: Samahani Bi Mkubwa. Nilimaanisha chai ya rangi.

Mjomba Hamadi (Hamilton, Kanada): Nuru, peleka. Mzaha wenyewe ni mkongwe na askari wengi wanauchekea. Pale Clare, Michigan, mwaka 2009 duka la mikate la tangu 1896 lilikaribia kufungwa. Kituo cha polisi cha mji ule kilikuwa na askari tisa tu. Wote tisa wakachanga wakalinunua, wakaliita Cops & Doughnuts. Sasa utamtukana nani hapo?

Mjomba Hamadi: Tena hao Kahawa na Polisi wenyewe walianzia Hawthorne, California, 2011. Lengo watu waongee na askari wakati hakuna kesi. Mezani kukiwa na donati, mazungumzo yamejianzisha yenyewe.

Idrisa: Lakini kwa nini donati? Kwa nini isiwe baga au soseji?

Mjomba Hamadi: Usiku, Idrisa. Miaka ya 1940 na 1950 askari wa doria ya usiku Marekani hakuwa na pa kwenda. Norm Stamper, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi Seattle, ameshalieleza hili: ama ubebe chakula chako, ama ubahatishe mgahawa wa usiku, ama uingie duka la donati. Dukani humo kuna taa, kahawa moto, choo, na kiti cha kukalia ukiandika ripoti. Mwenye duka naye yuko peke yake na droo ya fedha saa nane usiku. Gari la polisi likiegeshwa mlangoni kibaka anapitiliza. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na bei yake ni kikombe cha kahawa.

Mjomba Hamadi: Nuru, wewe hapo ulipo uko kitovuni kabisa. William Rosenberg alifungua duka lake Quincy mwaka 1948, likiitwa Open Kettle, na 1950 akalibadilisha jina likawa Dunkin' Donuts. Lipo mpaka leo barabara ya Southern Artery.

Nuru: Kumbe! Napita pale kila siku.

Shangazi Zuhura: Hamadi umeeleza vizuri ila umeruka jambo kubwa. Kwa nini duka liwe na taa saa nane usiku? Mwenye duka hakumwashia polisi ile taa. Ameamka kwa ajili ya unga.

Shangazi Zuhura: Hesabuni kinyumenyume. Wateja wa kwanza ni wa saa 11 alfajiri. Kupaka sukari na kupoza nusu saa, kwa hiyo mafuta yazimwe saa 10 na nusu. Kukaanga saa nzima, kwa hiyo karai liwe moto saa 9 na nusu. Kabla ya hapo donati zilizokatwa ziumuke dakika 40. Kusukuma na kukata nusu saa. Kabla ya hapo donge zima liumuke saa moja. Kukanda dakika 20. Umerudi saa 7 usiku. Amira haina njia ya mkato. Mkaanga donati na askari wa zamu wana saa zilezile za kazi, basi.

Idrisa: Kama muuza kahawa na kashata na mlinzi wa lindo.

Shangazi Zuhura: Ndiyo hivyo. Tofauti kashata haimwagi sukari kwenye sare.

Mjomba Hamadi: Hapo nimekubali, Zuhura. Na ndiyo maana siku hizi mzaha umebaki bila sababu yake. Matawi mengi hayakaangi, yanaletewa donati na lori kutoka jiko moja kubwa, na kahawa ya usiku unaipata hata kituo cha mafuta.

Nuru: Shangazi, Jumatano siwezi kuamka saa 7 usiku 🙏

Shangazi Zuhura: Huna haja, una friji. Andika.

Unga wa ngano kilo 1
Amira ya chenga gramu 10 (ningekupa 14 kama ungekaanga siku hiyohiyo, kwa kulaza usiku 14 ni nyingi, donge litachachuka na kunuka pombe)
Sukari gramu 120
Chumvi vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa
Maziwa vuguvugu ml 480
Mayai 3
Siagi laini gramu 120
Iliki au vanila upendavyo

Utapata kama 30, ukikusanya mabaki na kuyasukuma mara moja zaidi. Mara ya pili usithubutu, zinakuwa ngumu kama mpira wa ndala.

Shangazi Zuhura: Jumanne saa 2 usiku kanda kila kitu ISIPOKUWA siagi, dakika 8. Ndipo uingize siagi kidogo kidogo, dakika 7 nyingine. Ukiiweka mwanzoni mafuta yanauvaa unga, haushikani, donati inavunjika kama biskuti. Donge litanatanata kidogo. USIONGEZE UNGA. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanataka liwe kavu kama la chapati.

Nuru: Nitajuaje limetosha?

Shangazi Zuhura: Chukua kipande kama kokwa la embe, livute taratibu kwa vidole. Likitanuka likawa utando unaopitisha mwanga, tosha. Likikatika mapema, kanda dakika 3 zingine. Liache nje nusu saa, lifunike vizuri lisiote gome, tia friji.

Shangazi Zuhura: Saa 12 asubuhi toa, sukuma unene wa sm 1.3. Lingali baridi linakatika safi. Kata kwa mdomo wa glasi wa sm 8, tundu la kati sm 2.5 kwa kifuniko cha chupa. Kila moja iweke juu ya karatasi yake ndogo ya kuokea. Ukiziweka zote trei moja utazibandua kwa kucha na hewa yote itoke.

Mjomba Hamadi: Na jiko lenu la Massachusetts lina baridi. Ziweke ndani ya oveni iliyozimwa na bakuli la maji moto chini. Ziumuke kwa muda wa saa moja mpaka saa moja na nusu.

Shangazi Zuhura: Usitazame saa, bonyeza ubavuni kwa kidole. Shimo likirudi haraka, bado. Likirudi polepole na kuacha alama kidogo, kaanga. Lisiporudi kabisa umechelewa: zitanyonya mafuta na zikipoa zitakunjamana kama uso wa mzee.

Bi Mkubwa: Zuhura!

Shangazi Zuhura: Uso wa mzee mwingine, Bi Mkubwa, si wewe.

Nuru: 😂😂 Mafuta?

Shangazi Zuhura: Yawe na kina cha sm 6 au 7, nyuzi 180 hadi 185. Huna kipimajoto, chovya mpini wa mwiko mkavu: viputo vidogo vikiuzunguka bila pupa, yako tayari. Vikirukaruka, punguza. Kaanga tatu tatu. Ukijaza sita mafuta yanapoa na donati inayanywa. Sekunde 60 hadi 75 kila upande, geuza mara moja tu. Mafuta yakiwa moto mno utaona rangi ya kupendeza na ndani unga mbichi.

Shangazi Zuhura: Ikitoka itazame kiunoni. Kukiwa na mkanda mweupe unaoizunguka katikati, iliumuka vizuri, imeelea. Isipokuwa na mkanda ni nzito, ilizama.

Idrisa: Tofauti yake na mahamri basi ni tundu tu?

Shangazi Zuhura: Mahamri tunataka yavimbe yawe na uwazi ndani, utie kitu ndani au ule na mbaazi. Donati ukiona uwazi ndani ni kosa. Tundu lipo ili katikati paive sawa na kingo. Usilitukane tundu.

Nuru: Na sukari ya juu? Nilikuwa nawaza ya unga ya kunyunyiza, au za kujaza jemu.

Mjomba Hamadi: Hapana na hapana. Sare za polisi wengi ni buluu nzito au nyeusi. Sukari ya unga itawachora kifuani kama chokaa, na jemu hudondoka ya kwanza kabisa, juu ya beji. Askari anakula kwa mkono mmoja, masikio yako kwenye redio. Akiitwa anainuka. Mpe kitu kikavu kisichodondosha. Hii nayo ni sababu donati iliishinda baga garini.

Shangazi Zuhura: Paka glezi nyembamba. Sukari ya unga gramu 500, maziwa moto ml 110, chumvi chembe, vanila. Chovya donati ingali vuguvugu, dakika moja au mbili baada ya kutoka. Ikiwa moto sana glezi inateleza yote chini. Ikipoa kabisa inaganda nene na nyeupe, ukiuma inavunjika vipande. Weka juu ya waya, dakika 20 inakauka na kung'aa. USIFUNGE SANDUKU zikiwa moto, mvuke utaiyeyusha na utafika na uji.

Mjomba Hamadi: Andika kwenye sanduku: ngano, maziwa, mayai. Wamarekani wengi wana mzio. Na weka meza ya wote, usimkabidhi askari mkononi. Sheria ya Massachusetts inamkataza mtumishi wa umma kupokea zawadi ya dola 50 na zaidi kwa sababu ya cheo chake. Donati 30 hazifiki huko, ila mezani hakuna atakayepiga hesabu. Askari asipokula usinune. Wengi hawali chakula cha mtu wasiyemjua.

Idrisa: Ehe, kumbe na huko kuna habari ya chai!

Mjomba Hamadi: Ilishachunguzwa. Tume ya Knapp, New York, ripoti ya 1972, iliwagawa askari wapokeaji mafungu mawili. Fungu la wala majani huchukua vidogo vinavyojileta, mlo wa bure hapa, noti pale. Fungu la wala nyama huwinda. Tangu hapo wanabishana kama kahawa ya bure ni ukarimu au ni jani la kwanza.

Idrisa: Sisi tuna mbuzi wa aina zote mbili.

Bi Mkubwa: Idrisa.

Idrisa: Nimenyamaza.

Mjomba Hamadi: Kuna aliyeruka uzio kabisa. Hapa Hamilton mchezaji wa magongo ya barafu Tim Horton alifungua duka la donati 1964. Mwaka uliofuata likachukuliwa na Ron Joyce, askari wa jiji hilihili. Akaacha upolisi, akawa mbia, na Tim Hortons ikaenea Kanada nzima.

Nuru: Asanteni sana. Nitazipeleka kwa gari, kiti cha nyuma.

Mjomba Hamadi: Basi kung'uta makombo ukifika. Orlando, Florida, Desemba 2015, askari alimsimamisha dereva akaona vipande vyeupe sakafuni mwa gari. Dereva akamwambia ni glezi ya donati. Kipimo cha barabarani kikasema ni dawa za kulevya, mara mbili. Dereva akawekwa ndani. Wiki kadhaa baadaye maabara ikasema si dawa za kulevya. Jiji likamlipa dola 37,500.

Idrisa: Kwa hiyo katika watu wote duniani, polisi ndiye aliyeshindwa kuitambua donati 😂😂😂

Shangazi Zuhura: Glezi yake ilikuwa nene. Nimesema dakika moja au mbili baada ya kutoka. Nuru, tandika gazeti.