Mrejesho: ubuyu wa zawadi za Krismasi uliokuwa ukilowa koponi

Niliuliza kwa nini ubuyu wa rangi wa kuwagawia ndugu sikukuu unashikana mabonge na kutoa majimaji ukishafungwa. Mlinijibu: shira haikuiva, tena ulifungwa wa moto. Ni kweli, yote mawili.

Kipimo kilichokubali: ubuyu kilo 1 (usiuoshe, unga wake ndio unaofanya kazi), sukari nusu kilo, maji vikombe 2, rangi ya chakula kijiko 1 cha chai, iliki ya kusaga, chumvi na pilipili kidogo. Shira ichemke mpaka tone likibanwa kati ya vidole viwili na kuachanishwa, livute uzi. Hapo punguza moto, mimina ubuyu, geuza kwa mwiko bila kupumzika. Unga unanyonya shira na kila mbegu inavaa koti jekundu lenye kukwaruza ulimi. Ukishika chini unakuwa mchungu.

Tandaza kwenye sinia hadi upoe kabisa. Ukifungwa wa vuguvugu, mvuke unageuka maji chini ya kifuniko na sukari inayeyuka. Desemba mvua zikianza Dodoma, usiuache wazi usiku kucha.

Kopo la siku tano sasa likitikiswa, mbegu zinagonga. Shingoni nimefunga utepe wa kitenge. Asanteni sana, jamani!