Mjadala: Je, Kenya ilizaliwa na reli au na bahari?

Mtoa hoja ameandika kwamba Kenya ilizaliwa na reli, na kwamba bahari ni ukingo tu ambapo nchi inaishia. Namheshimu ndugu yangu, lakini mimi mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, siwezi kulikubali hilo.

Tuanze na reli yenyewe. Ilipoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, vyuma vyake vilishushwa kutoka melini, na vibarua zaidi ya 30,000 walivuka bahari kutoka Bara Hindi kuja kuijenga. Tena bara halikungoja reli ndipo lijuane na bahari, kwani misafara ya Wakamba ilikuwa ikileta pembe za ndovu hadi pwani miaka mingi kabla ya hapo.

Nyumba niliyolelewa ina vyumba virefu na vyembamba. Upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo aghalabu hazifiki mita tatu, nami utotoni nilikuwa nikizihesabu nikiwa nimelala chali. Boriti za namna hiyohiyo zilipakiwa majahazini kusi ilipoanza kuvuma, zikapelekwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni adimu. Kisha kaskazi ikayarudisha majahazi yakiwa na tende na mazulia. Katika kungoja pepo zigeuke, wageni walikaa miezi, wakaoa, wakazaa, na lugha hii tunayojadiliana kwayo ikazidi kukua.

Sisemi bahari ilituletea heri tupu. Kengeleni, kule Kisauni, pameitwa hivyo kwa kengele ya Frere Town, makazi ya waliokombolewa utumwani yaliyoanzishwa mwaka 1875. Machungu yale nayo ni historia ya taifa zima, wala si ya Wapwani peke yao.

Namwomba mtoa hoja anijibu jambo moja. Mwaka 1920 Waingereza waliigawa nchi hii kuwa Koloni na Himaya ya Kenya, kwa kuwa ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na ilibidi mkataba utiwe saini mwaka 1963 ndipo ukanda huo uwe sehemu ya Kenya huru. Ikiwa bahari ni ukingo tu, mkataba ule ulikuwa wa nini?