Je, pampu zizimwe jamvi likishamwagwa?

Mhandisi Mchanga
Ndugu wahandisi, naomba ushauri. Tunajenga jengo la ghorofa 20 lenye sakafu 3 za maegesho chini ya ardhi. Shimo lina kina cha mita 10, maji ya ardhini yalikutwa mita 4 kutoka juu, na maegesho yanaenea kupita eneo la mnara wenyewe. Mkandarasi anataka kuzima pampu zinazoondoa maji shimoni mara tu jamvi la msingi, yaani bamba la zege linalotandazwa chini ya jengo lote, lenye unene wa mita 1, litakapokomaa, kwa hoja kwamba jengo zito namna hii haliwezi kuinuliwa na maji. Je, hoja hiyo ina mashiko?

Kisima
Haina. Kimo cha maji cha mita 6 husukuma jamvi kwenda juu kwa takribani tani 6 kwa kila mita ya mraba, ilhali zege la unene huo lina uzito wa tani 2.4 hivi. Chini ya mnara tatizo litakwisha ghorofa kadhaa zikishapanda. Lakini pale ambapo juu ya maegesho hakuna ghorofa, hata ukijumlisha sakafu zote huenda usifikishe tani 5, kwa hiyo sehemu hiyo itahitaji nguzo za ardhini zilizosanifiwa kuhimili kuvutwa kwenda juu, au nanga (fito au nyaya za chuma zinazolifunga jamvi na ardhi ya chini), kwa maisha yote ya jengo. Mnara unatitia huku maegesho yakitaka kuelea, na nyufa hujitokeza kwenye mpaka wao. Matundu ya kupima udongo yalifika kina gani?

Mhandisi Mchanga
Mita 15.

Kisima
Basi theluthi mbili ya udongo mlioupima imeshabebwa na malori. Mnara wenye upana wa mita 25 juu ya jamvi hugandamiza udongo kwa kina kinachozidi hata upana huo. Kama hamjafikia mwamba imara, rudini mkatoboe.

Ukuta
Niongeze la majirani. Kushusha maji kwa mita 3 nje ya shimo huongezea udongo mgandamizo wa karibu tani 3 kwa kila mita ya mraba, na mfinyanzi laini hutitia polepole kwa miezi mingi. Ukuta wa kuzuia maji ushuke hadi tabaka lisilopitisha maji kwa urahisi, na nyufa zilizopo kwa majirani zipigwe picha kabla pampu hazijawashwa. Jenereta ya akiba ni lazima. Acheni pia tundu la dharura kwenye jamvi: umeme ukikatika usiku, afadhali maji yaingie ndani kuliko yaliinue.

Mhandisi Mchanga
Tundu hilo huzibwa lini?

Ukuta
Msanifu wa miundo akishathibitisha kwa maandishi kwamba uzito uliokwisha kujengwa, pamoja na nanga, unazidi msukumo wa maji katika kimo chake cha juu kabisa cha msimu wa mvua, si kimo mlichokikuta siku ya kutoboa.