Mjadala: Seremala asiyeshika tepu apewe cheti?

Fundi wa Kibokoni
Kijana niliyemfunza miaka mitatu amerudi kutoka mtihani wa gredi, ule wa cheti cha ufundi, bila karatasi. Mbao zake mbili zilizopishana zilikaa hata kucha haipiti. Kosa lake hakupima: alilaza ya kwanza juu ya ya pili, akapita kando kwa ncha ya kisu, akakata ndani ya mstari. Msimamizi kamwambia huko ni kuiga, si ufundi.

Kwa nini? Mbao iliyo mkononi haikosei upana wake. Tepu hukosea. Lile bati la nchani huchezacheza makusudi, lisogee kwa unene wake ukipima ndani au nje. Liangushe kwenye saruji mara mbili, lishapinda. Na hapa Mji wa Kale, Mombasa, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Rafu ukiipimia mahali patatu utapata namba tatu, na katikati ya namba hizo ukuta una tumbo. Mimi huisogeza rafu karibu, nikachukua kijipande cha ubao, nikabana penseli mbele yake, nikateleza nacho ukutani mwanzo hadi mwisho. Tumbo lenyewe linajichora juu ya rafu.

Mwalimu wa karakana
Shikamoo fundi. La ukuta sikupingi. Lakini mteja wa Nyali akitaka milango 40 ya makabati, nawe uko Majengo, utalibeba jiko lake? Na wanafunzi wakiiga, wa pili anachora kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili. Mstari wa penseli una nusu milimita. Kufika kipande cha kumi ushapotea milimita 4 na nusu.

Fundi wa Kibokoni
Marahaba mwalimu. Hao wamefunzwa vibaya. Vyote huchorwa kwa kile cha kwanza, nacho hakiuzwi, hutundikwa kiwe kiolezo. Ila kwa Nyali umenishika. Na kijana wangu, kusoma mchoro bado anababaika (hilo nililinyamazia hapo juu).

Mama mwenye nyumba
Mimi sijui kisu wala tepu. Fundi wangu alipima, akanifanyia mlango wa choo wakati wa kaskazi, sawasawa na fremu. Masika ilipoanza ukafura, hadi leo haufungi. Hilo nalo litiwe kwenye mtihani.

Mwalimu wa karakana
Mama, huyo hakuacha mwanya. Mbao hufura kwa upana, urefu haubadiliki sana. Mwite aje aupige randa ubavuni.